Siku Ambayo Hakuna Aliyemcheka Injini

Kila asubuhi Injini aliandaliwa chai na mumewe, na kila asubuhi aliinywa nusu.

"Malizia basi," mumewe alimwambia.

"Nikimaliza nitashinda chooni. Kazi ataifanya nani?"

Alikuwa msimamizi wa karakana ya kushona sare. Maji hakuyagusa mpaka jioni. Akishakaa kwenye cherehani yake hakuinuka mpaka saa ya chakula, na ndiyo maana mafundi wenzake walimwita Injini. Jina lile lilimkaa vizuri. Akiitwa hivyo, kichwa kilivimba kidogo.

Karakana yenyewe ilikuwa chumba kirefu chenye cherehani safu mbili. Madirisha yalikuwa yamezibwa na marobota ya vitambaa, na vumbi la nyuzi liliingia puani. Choo kilikuwa mwisho wa chumba. Aliyetaka kwenda alipita katikati ya wenzake wote, na hapo ndipo Injini alipompata.

"Jamani, bibi harusi huyo! Mpisheni apite!" alipaza sauti.

Mafundi wote waliangua kicheko. Anayekwenda alicheka pia, lakini uso ulimshuka. Injini hakuwa na roho mbaya. Aliona anachangamsha kazi. Polepole watu wakaacha kuinuka, naye akajisifu kwamba karakana yake ina watu wachapakazi.

Siku za karibuni yeye mwenyewe hakuwa mzima. Mgongo ulimuuma na kichwa kilimgonga. Mkojo ulitoka kidogo kidogo, tena ulichoma kama pilipili. Nyumbani aliwaka kwa jambo dogo. Binti yake alipomuuliza mkasi uko wapi, alimfokea mpaka mtoto akalia. Hakumwambia mtu yeyote. Mtu anaanzaje kueleza mambo ya mkojo?

Siku moja walikuwa na sare nyingi za kumaliza, na bosi alikuwa amekwisha kupiga simu kuzidai. Injini alibanwa tangu asubuhi. Alikitazama choo, akazitazama safu mbili za wenzake. Ainukeje, yeye aliyemcheka kila mtu? Akajikaza. Akabana magoti, akaendelea kushona. Uzi ulipomwishia, akasimama kwenda kuchukua mwingine.

Hakufika. Mkojo ulimshuka miguuni mpaka sakafuni, mbele ya watu wote.

Cherehani zikanyamaza. Injini alisimama palepale, akitamani ardhi ipasuke immeze. Alisubiri kicheko. Alijua kabisa kwamba ni haki yake kuchekwa.

Kicheko hakikuja. Mama Vifungo, mama mtu mzima aliyeshona vifungo, alichukua kipande cha kitambaa akamfunga kiunoni. "Twende ukabadilishe, mwanangu," alisema. Na fundi mmoja waliyemwita Cheko, ambaye hucheka hata bila sababu, alipiga magoti akaanza kupangusa sakafu. Injini alipomwona pale chini, aibu ilimzidi maradufu. Bora wangemcheka.

Nyumbani alijifungia chumbani.

"Kazi sirudi," alimwambia mumewe kupitia mlangoni. "Nitauza hata karanga."

Mumewe hakubishana. Alikwenda kumwita jirani yao, Nesi wa zahanati. Nesi alikuja, Injini akamfungulia na kumweleza yaliyomkuta. Nesi akaketi kitandani, akaanza kuuliza.

"Mkojo unachoma?"

"Unachoma."

"Homa? Maumivu ya ubavuni?"

"Hapana."

"Maji unakunywa saa ngapi?"

"Jioni."

"Usingizi je?"

"Ninalala kwa kuokoteza."

"Na kazini una mtu wa kuzungumza naye?"

Injini alimkazia macho. "Nesi, mimi ninaumwa mkojo. Mazungumzo ya kazini yanaingiaje?"

"Yanaingia, shoga yangu. Mwili si gauni, ushone mkono huku na kola kule, kisha uviunganishe. Usipokunywa maji na ukabana mkojo, vijidudu vinapata nafasi ya kukaa. Maumivu yanakunyima usingizi. Usipolala, hasira ziko karibu, na unamfokea mtoto. Ukikaa kwenye kiti bila kujinyoosha, mgongo nao unalalamika. Na mahali ambapo watu wanaogopa kuinuka, hata mwenye afya ataumwa."

Injini aliinamisha kichwa. Neno lile la kuogopa kuinuka lilimchoma kuliko mkojo. Nesi hakujua lolote kuhusu bibi harusi.

"Kesho twende ukapimwe," Nesi aliendelea. "Wakikupa dawa, uzimalize hata kama nafuu imekuja mapema. Kunywa maji tangu asubuhi. Ukibanwa, nenda. Na hiyo karakana yenu, kama madirisha yamezibwa, yafungueni."

"Na hii aibu? Ina dawa?"

"Kwangu haipo. Nadhani iko kulekule kazini."

Alipimwa, akapewa dawa. Alipopata nafuu alipiga moyo konde akarudi. Alisimama mbele ya safu mbili za cherehani.

"Jamani, naomba mnisikilize. Nimewacheka sana. Nilijidai ni utani, kumbe nimewatesa. Naona haya. Nisameheni."

Kisha Cheko akasema, na safari hii hakucheka, "Dada, mimi kila siku hujiwekea matambara ndani ya nguo nikija huku. Siku ile nilipangusa sakafu nikijua ingeweza kuwa zamu yangu."

"Hata mimi," mwingine akasema.

"Na mimi naweka," akasema mwingine nyuma.

Mama Vifungo alinyanyua mkono kidogo, machozi yakimlengalenga. Mama wa umri ule! Injini alikaa kwenye kiti akalia wazi, wala hakuuficha uso.

Siku hiyohiyo walihamisha marobota kutoka madirishani, mwanga na hewa vikaingia. Wakaweka ndoo ya maji safi yenye koki, na kila mmoja kikombe chake. Wakakubaliana kwamba kazi ikiendelea kwa muda, wote wanasimama, wananyoosha migongo na kupumzisha macho. Mwenye jambo zito moyoni alikaribishwa kumwambia mwenzake badala ya kununa. Nyumbani Injini alimwomba binti yake radhi, na chai akaanza kuimaliza.

Maumivu ya mgongo na kichwa yakapungua. Nguo zilizoshonwa upande na kurudishwa nazo zikapungua, maana macho yaliyopumzika huona vizuri.

Alasiri moja bosi aliingia ghafla. Akatazama huku na huku, akakunja uso.

"Naona viti vitupu. Mama Vifungo yuko wapi? Na yule Cheko?"

Zamani Injini angewaruka haraka ili apone yeye. Akanyoosha mgongo, akamtazama bosi machoni.

"Wamekwenda chooni, bosi," alisema. "Keti unywe maji. Watarudi."