Kitufe cha Bluu

Kila asubuhi, kabla ya kuwasha pasi, Fundi wa nguo aligonga ukuta kwa mkasi. Upande wa pili, jirani yake Mkunga alijibu kwa kijiko cha chai. Hizo ndizo zilikuwa salamu zao.

Lakini asubuhi moja mkasi ulibaki hewani. Simu ililia. Ilikuwa video kwenye kundi la kina mama. Mkunga alionekana ndani ya sare yake nyeupe, akitabasamu.

"Vidonge tunavyowapa wajawazito ni chaki tu," alisema, kwa sauti yake ileile laini.

Fundi aliitazama tena. Sare ilikuwa na kitufe kimoja cha bluu. Alikishona yeye mwenyewe, vyeupe vilipomwishia.

"Kitufe changu hicho," alinong'ona. "Ni yeye kabisa."

Akaituma video kwa ndugu na wateja. Kijiko kikagonga ukutani. Fundi hakujibu.

Binti yake mjamzito alitoka chumbani, tayari kwenda kliniki.

"Leo huendi," Fundi alisema.

"Mama, miguu imevimba. Kichwa kinaniuma tangu jana."

"Kaa, mwanangu. Utapumzika."

Baadaye Mpigapicha alikuja kuchukua koti lake. "Fundi, mbona umepoa kama pasi isiyo na moto?"

Alionyeshwa video. Akatikisa kichwa. "Niruhusu nikurekodi kidogo."

Muda si mrefu, Fundi alijiona kwenye simu ya Mpigapicha. Alikuwa akielea juu ya mto mpana, maji yanang'aa, naye anaimba taratibu. Alijitazama kama mtu aliye ndotoni.

"Sauti yangu! Lakini mimi hata beseni naliogopa!"

Binti alicheka, kisha akashika kichwa.

"Kompyuta siku hizi huchukua sura na sauti ya mtu," Mpigapicha alieleza, "ikamsemesha asichosema."

"Na kitufe?"

"Kimo kwenye picha yake halisi, ile iliyobandikwa kliniki. Kimekuja na picha."

"Basi nisiamini tena chochote?"

"Hiyo nayo ni hasara, maana hata la kweli utalikataa. Uliza nani aliituma kwanza. Sikiliza kama kliniki yenyewe imesema hivyo. Muulize mhusika. Na kama bado hujajua, usimtumie mwingine."

Fundi alirekodi sauti yake, akawatumia wote: "Ile video sikuihakikisha. Huenda ni ya uongo. Nendeni kliniki."

Akamshika binti mkono, wakaondoka.

Mabenchi ya kliniki yalikuwa matupu. Mkunga alimpima binti bila maneno mengi.

"Shinikizo la damu limepanda sana. Atalazwa sasa hivi."

Fundi alitaka kusema. Akaishia kuubeba mkoba wa binti.

Siku zilizofuata mabenchi yakajaa tena. Mjukuu alizaliwa salama, mikononi mwa Mkunga. Lakini ukuta ulinyamaza.

Asubuhi moja, mtoto amelala juu ya vitambaa, Fundi aliinua mkasi. Akaushusha. Akaweka midomo karibu na ukuta.

"Jirani," alisema kwa sauti, "niliamini kitufe, nikaacha kukuuliza wewe. Nisamehe."