Mvua ya Kwanza Haiingii Birikani

Mambo yaliharibika Jumanne, tarehe kumi na nne Oktoba, baada tu ya sala ya adhuhuri. Siku hiyo mvua ilinyesha.

Utashangaa. Mvua itaharibuje mambo katika kisiwa cha Jerba, huko Tunisia, ambako watu huiomba kama mgonjwa anavyoomba nafuu? Lakini ndivyo ilivyokuwa nyumbani kwa Mzee Frej, kijijini Beni Seddou.

Mzee Frej alikuwa fundi wa mitungi. Mikono ilipoanza kutetemeka, aliacha kazi. Mwaka uliotangulia mkewe, Mabrouka, alifariki. Tangu hapo mzee alikaa mlangoni akiwalaumu wakubwa. Asubuhi aliwalaumu kwa barabara. Mchana aliwalaumu kwa bei ya vitu. Jioni aliwalaumu kwa bomba.

Bomba lilistahili lawama. Lilisimama langoni pake, limepakwa rangi ya buluu. Mkubwa mmoja alitoka mjini, akakata utepe mbele yake. Siku hiyo maji yalitoka. Picha zikapigwa, wageni wakala keki. Kisha mkubwa akaondoka, na maji yakaondoka naye.

Kwa hiyo nyumba ile ilikunywa maji ya mvua, kama zilivyokunywa nyumba za mababu. Mvua ilinyesha juu ya paa bapa, ikashuka kwenye mfereji, ikaingia birikani. Birika lenyewe lilikuwa shimo kubwa chini ya ua, limejengwa kwa mawe na chokaa. Wakati wa kiangazi mfereji ulizibwa kwa kizibo cha matambara.

Jumanne ile matone yalipogonga ua, Mzee Frej alitupa fimbo. Alikimbia pekupeku, akang'oa kizibo.

"Karibuni, karibuni," aliyaambia maji. Kisha akaligeukia bomba. "Na wewe tazama. Mungu hakati utepe."

Jikoni Salha, mke wa mwanawe, alicheka. Mumewe alikuwa na duka Tunis, naye Salha aliishi hapa na mkwewe pamoja na binti yake, Nejma, mwenye miaka sita. Nejma alicheza mvuani mpaka nguo zikamganda mwilini. Jioni birika lilikuwa limefika nusu. Wakateka maji, wakanywa.

Ijumaa Nejma alianza kuharisha. Jumamosi hakuwa na nguvu hata ya kumvuta babu yake ndevu. Salha alimbeba mpaka duka la dawa la Lamia.

Lamia alimtazama mtoto macho na ulimi. "Anakunywa?"

"Anakunywa kidogo."

"Vizuri. Chemsha maji, yapoe. Chukua lita moja. Tia vijiko vidogo sita vya sukari, vya bapa, si vya mlima. Tia chumvi nusu kijiko kidogo, basi. Mnyweshe kidogo kidogo, mara kwa mara. Chakula usimnyime. Ukiona damu, au macho yameingia ndani, au hawezi kunywa, usingoje kesho. Mpeleke hospitali."

"Sawa, dada."

"Na sasa niambie. Mnakunywa maji gani?"

Saa ya alasiri Lamia alikuwa uani kwa Mzee Frej. Alipanda ngazi, akachungulia paa. Aliona kinyesi cha njiwa, majani, vumbi la kiangazi kizima, na njiwa mmoja aliyekufa. Akashuka polepole.

"Ami Frej, mtoto amekunywa paa lako."

"Mtoto ameugua kwa sababu ya manispaa," alisema mzee. "Bomba lingetoa maji, nani angekunywa mvua?"

"Kweli. Na njiwa, wako juu ya paa la manispaa?"

"Paa ni langu."

"Basi na kinyesi ni chako."

Salha aligeuza uso asionekane akicheka.

Lamia akaeleza. Mvua ya kwanza baada ya kiangazi ni ya kuoshea. Haiingii birikani. Huachwa ikimbie, ibebe uchafu wa paa na mfereji. Mfereji hufunguliwa baadaye, maji yakishatoka meupe. Tena, kabla ya mvua yoyote, paa hufagiliwa na kupakwa chokaa.

"Nani kakwambia?" aliuliza mzee. "Miaka yote nimeishi humu, na hatukuugua."

"Kwa sababu Mama Mabrouka alikuwa akifagia," alisema Salha kwa sauti ya chini. "Kila mwisho wa kiangazi, Baba, wewe ukiwa umelala mchana. Alipanda na ufagio. Na kizibo hakumruhusu mtu kukigusa."

Mzee Frej aliinua macho kwenye paa. Alikumbuka ile sauti ya kukwaruza juu ya usingizi wake, mwaka baada ya mwaka. Yeye alidhani ni upepo kwenye mitende.

"Maji haya hayafai," Lamia aliendelea. "Yatolewe yote, birika lisafishwe."

"Nimwage maji?" Mzee alitamka maneno hayo kama mtu aliyeambiwa auze kaburi. "Jerba? Nimwage maji?"

"Hayamwagwi, ami. Mizeituni yako itayanywa. Mzeituni haumwi tumbo."

"Na mvua isiponyesha tena?"

"Klabu yetu ina gari lenye tangi. Tutakuletea maji safi mpaka inyeshe."

Klabu hiyo ilikuwa ya Mkono kwa Mkono. Watu wa kijiji waliianzisha wenyewe: kinyozi, walimu wawili, dereva wa teksi, mama wa nyumbani, mnadi wa samaki. Kila Jumapili walifanya kazi ya mtu mmoja, bure, kisha wakala pamoja. Mzee Frej aliwaita "watoto wa kupiga picha."

"Siwataki," alisema.

Hapo Salha alimkabili. Hakuinamisha macho.

"Baba, nakuheshimu kama baba aliyenizaa. Lakini birika likibaki hivi, nampeleka Nejma kwa mama yangu, mjini Zarzis. Atakaa huko."

"Mpaka lini?"

"Mpaka maji yawe maji."

Mzee alitazama chumba alimolala mjukuu wake. Nyumba hii ilikwisha kupoteza sauti moja. Ikipotea na ya pili, atabaki yeye na bomba.

"Waje," alisema. "Lakini wakija na utepe, natoa mbwa."

"Huna mbwa, Baba."

"Nitaazima."

Jumapili walikuja. Walivaa vizibao vya manjano, wakabeba ndoo, mafagio, chokaa, na sufuria moja kubwa ya kuskusi ambayo mtoto angeweza kuogea ndani yake. Mbele alitangulia Sassi, jirani, mnadi wa samaki. Mtu huyu alishinda kwenye kiti kirefu sokoni akinadi samaki waliotungwa kwenye kamba. Hakujua kusema polepole.

"Ami Frej," alisema Sassi, "klabu ina sheria moja. Anayelalamika huku mikono yake mitupu, ndiye anayeosha sufuria."

"Sheria ya kipumbavu," alisema mzee. "Ndiyo maana nchi haiendi. Wakubwa wanalala, na nyinyi mnafanya kazi yao kwa..."

Sassi alikwisha kuinua sufuria juu ya kichwa. "Sufuria! Sufuria safi ya kuskusi ya samaki! Ami Frej ameichukua! Nani anaongeza? Hakuna? Imekwenda!"

Watu walicheka mpaka kinyozi akakaa chini. Kuskusi haikuwa hata imepikwa, na mwoshaji alikwisha kupatikana.

Kazi ilianza. Pampu ya mafuta iliwekwa mbali, nje kabisa ya ua, na mpira mrefu ukateremshwa birikani. Maji yakaenda kwenye mizeituni. Chini yalibaki matope meusi, na mzee akavua viatu.

"Nateremka. Birika ni langu."

Lamia alimshika mkono wa joho. "Bado, ami."

"Unaniogopea umri?"

"Nakuogopea hewa. Shimo lililofungwa lina hewa mbaya. Huioni, hainuki, na inaua. Mtu anaanguka, wa pili anashuka kumwokoa, naye anaanguka. Kwa hiyo tunafunua, tunaacha upepo uingie. Anayeshuka afungwe kamba, na wawili wasimame juu. Akisikia kizunguzungu, anavutwa. Na pampu ya mafuta haiingii shimoni hata siku moja. Moshi wake ni sumu."

Mzee alivaa viatu vyake. "Basi ningoje hewa, kama ninavyongoja bomba."

"Sufuria!" alinadi Sassi.

"Hilo si lalamiko. Ni mfano."

Wakajadiliana, wakamsamehe mfano.

Baadaye dereva wa teksi alishuka akiwa na kamba kiunoni. Akakwangua matope, akayapandisha kwa ndoo. Kisha akapaza sauti kutoka chini: "Ukuta una ufa. Maji ya chooni yanaweza kupenya humu."

Wote wakatazamana. Saruji hawakuleta.

"Saruji ya nini?" alisema Mzee Frej. Alikwenda nyuma ya nyumba. Huko palikuwa na lundo la mitungi iliyovunjika, makosa yake ya miaka mingi. Alijaza kapu la vigae, akakaa chini na nyundo. "Vigae vinapondwa, vinachekechwa, vinachanganywa na chokaa. Maji hayapiti. Baba yangu alijenga hivyo. Nipeni mtu mwenye mikono isiyotetemeka."

Walimu wawili walikaa wakaponda naye. Vumbi jekundu liliwapanda mpaka kwenye nyusi, kisha dereva akauziba ufa kwa mchanganyiko huo.

"Mabrouka alinisumbua kwa lundo hili kila siku," alisema mzee. "'Frej, litupe. Frej, nge wanazaliana.' Leo ningemwita aje aone."

Alisema hivyo, na kwa mara ya kwanza tangu mazishi jina lile lilitoka mdomoni mwake.

Juu ya paa wanawake walifagia, wakapaka chokaa, wakaimba. Salha ndiye aliyeongoza wimbo. Kwenye mdomo wa mfereji wakaweka chujio la wavu. Birika likapata kifuniko kinachofunga vizuri, na ndoo moja ya kutekea tu, isiyowekwa chini. Lamia akamwonyesha Salha jinsi ya kuchemsha maji ya kunywa, au kuyatia dawa kwa kipimo cha mtu wa afya. "Birika safi si ruhusa ya kuacha kuchemsha," alisema.

Wakala. Mzee Frej alipewa kichwa cha samaki, heshima ya mwenye nyumba. Kisha akakunja mikono ya joho akaosha sufuria. Alikosea mara moja, akasema kuwa imeungua kwa sababu serikali imepandisha gesi. Wakamwongezea na sinia.

Wiki iliyofuata Nejma alikuwa amepona. Alimvuta babu yake ndevu zote mbili, za kulia na za kushoto. Lakini mfuko wa safari alioufunga Salha Jumamosi ile ulikuwa bado karibu na mlango, nguo zimekunjwa ndani.

"Sijaona mvua ikiingia," alisema.

Mvua ilirudi asubuhi moja yenye upepo. Watu walitoka vibarazani. Mzee Frej alisimama uani kwenye mfereji, ameshika kizibo kwa mikono miwili. Maji yalishuka kutoka kwenye paa lililopakwa upya, yakageuka pembeni, yakakimbilia mizeituni.

"Frej, fungua!" alipaza sauti mwanamke wa nyumba ya jirani. "Maji yanapotea!"

"Yanaoga," alijibu mzee. "Yakimaliza kuoga yataingia."

Nejma alimshika joho. "Babu, sasa?"

"Bado."

"Sasa?"

Kwa vumbi la upepo na chokaa mpya, maji yalikuwa na rangi ya chai ya maziwa. Mzee alikaza mikono. Kila tone lililopita lilimuuma. Kuyaacha maji yaende ni jambo gumu kuliko kuyasubiri, asikwambie mtu. Lakini alisubiri. Rangi ikapungua. Akakinga kiganja, akatazama. Akaona mistari ya kiganja chake mwenyewe chini ya maji.

"Sasa," alisema. "Njoo uvute na mimi."

Wakang'oa kizibo pamoja, yeye na mjukuu wake. Maji yakaingia birikani kwa mlio wa ngoma. Salha alisimama mlangoni akisikiliza. Kisha alichukua mfuko wa safari, akautia chini ya kitanda.

Kiangazi kilichofuata kilikuta kizibao cha manjano kwenye msumari wa Mzee Frej, pale palipokuwa na fimbo. Alikwenda nyumba kwa nyumba. Alipanda ngazi kwa shida, akashuka na mzoga wa njiwa mkononi kama ushahidi. "Umekunywa huu," aliwaambia watu. Alikuwa mtu wa kuudhi, na alisikilizwa. Mvua ya kwanza ilipofika, vizibo vya Beni Seddou vilibaki mahali pake. Na Lamia alisema kuwa msimu ule watoto wa kuharisha walikuwa wachache dukani kwake.

Jumapili moja klabu ilikula uani kwa Mzee Frej. Kuskusi ilikuwa na pweza. Sassi alikuwa ameishiwa hadithi, na Nejma alikuwa amelala juu ya mapaja ya mama yake. Mzee alitazama langoni. Bomba la buluu lilisimama pale, kavu, limeanza kubambuka rangi.

"Lile bomba," alisema taratibu, "litatoa maji lini?"

Sassi aliruka, akainua sufuria. "Sufuria! Ami Frej..."

"Shusha," alisema mzee. "Sheria inasema anayelalamika na mikono mitupu. Haya, tazama mikono yangu."

Aliinyoosha. Chokaa ilikuwa imeingia kwenye kucha, na viganja vilikuwa na malengelenge mapya.

Sassi alishusha sufuria katikati yao. Lamia aliweka kijiko chini. Kinyozi akamtazama dereva wa teksi. Walimu wakatazama bomba.

"Sisi tumefagia mapaa yetu," alisema Mzee Frej. "Wakubwa, je, watafagia lao lini?"