Gari Lililolaza Abiria

Kila asubuhi ya shule, Redio na mdogo wake Bonge walipanda kiti cha nyuma cha gari la baba yao, mama akakaa mbele, kiyoyozi kikawashwa, na safari ikaanza kwa makelele. Redio hakupewa jina hilo bure. Alianza kusema kabla ya kupiga mswaki, na hakuna aliyewahi kugundua anazimwa wapi.

Lakini kabla ya kufika shuleni, makelele yalikufa.

Kwanza alinyamaza Bonge. Kichwa chake kilishuka polepole hadi kifuani, kana kwamba kuna mkono unakisukuma. Kisha mama. Kisha Redio mwenyewe, katikati ya neno. Hewa ilitoka kwenye matundu ya dashibodi, hhhh, hhhh, kama pumzi za mtu aliyelala. Gari lilinukia waridi kwa sababu ya marashi yaliyoning'inia kwenye kioo. Redio alitaka kumtikisa mdogo wake, lakini mkono haukuja. Aliuona palepale pajani, mzito, kama si wake.

Aliyebaki macho ni baba peke yake, kiwiko nje ya dirisha kama kawaida yake, akipiga mluzi, akidhani wenzake wanamalizia usingizi wa asubuhi.

Gari hilo lilinunuliwa kwa seremala wa majeneza. Kwa heshima zote kwa marehemu, darasa la Redio lilikwisha kutoa hukumu. "Kuna abiria wa zamani hajashuka humo," alisema jirani yake wa dawati. "Anawaonea wivu mnavyokaa wima."

Redio alicheka kuliko wote. Peke yake chooni, akitapika kabla ya kengele, hakucheka.

Hakumwambia mtu. Jumamosi familia ingesafiri mbali kwenda kwenye harusi ya mama mdogo, na Redio ndiye angemtangulia bibi harusi na maua. Sheria ya mama ilijulikana: mgonjwa hasafiri, anabaki kwa jirani. Basi alisukutua, akafuta mdomo, akaenda kuketi darasani huku kichwa kikigonga kama nyundo ya seremala yuleyule.

Ijumaa baada ya masomo, baba aliwapitisha wote gereji, kwa kuwa kiyoyozi hakikupoza vizuri hata baada ya kubadilishwa bomba. Fundi alikuwa mwanamke mrefu aliyeitwa Mama Baridi.

"Shikamoo," alisema Redio.

"Marahaba. Nimeambiwa wewe ni Redio. Mbona huna sauti?"

"Betri imeisha," alijibu Bonge.

Mama Baridi alifunga geji ya kupima gesi ya kiyoyozi, akasikiliza kompresa inayoisukuma, akashika mabomba, moja la baridi na jingine la moto. "Gesi imejaa. Kompresa inavuta. Mzee, mwizi wa baridi yako ni hicho kiwiko. Funga dirisha."

"Nimesema mpaka nimechoka!" mama alidakia. "Kesho kiwiko kinakaa ndani na vioo vyote vinapanda, mpaka tufike."

"Haya, nimeshindwa kesi," alisema baba.

Walicheka. Redio alihisi baridi ya aina nyingine, inayopanda mgongoni. Dirisha la baba lilikuwa wazi siku zote, na siku zote baba hakulala. Kesho litafungwa. Aliliona gari likienda mbio kwenye barabara kuu, linanukia waridi, na vichwa vinne vimeinama.

Fundi alikwishashika boneti kuifunga.

"Usifunge!" Redio alipiga kelele. "Sisi hulala humo. Sote, isipokuwa baba. Nikishuka kichwa kinauma, natapika. Juzi Bonge hakuamka mpaka nikamfinya."

"Kumbe ulikuwa wewe!" alisema Bonge.

"Unatapika?" mama aliuliza. "Tangu lini?"

"Tangu bomba la kiyoyozi lilipobadilishwa."

Mama aligusa paji la uso wake mwenyewe. "Hata mimi kichwa… nikadhani ni uchovu."

Mama Baridi hakutabasamu tena. Aliwaondoa wote karibu na gari, akaacha injini na feni vikiendelea, akawasha kijiti cha udi, akakishika nyuma ya injini.

"Anatoa pepo," Bonge alinong'ona.

Moshi ulipanda wima. Fundi alisogeza kijiti hadi pale mabomba ya kiyoyozi yanapopenya ukuta wa chuma kuingia kwa abiria. Uzi wa moshi ukapinda, ukanyooka kama kidole, ukaanza kuzama ukutani. Ulizama na kuzama, kana kwamba upande wa pili kuna kinywa. Kisha waliuona ukitokea chini ya dashibodi, bila haraka, ukielekea kiti cha nyuma.

"Aliyebadilisha bomba hakurudisha raba ya kuziba hapa," alisema fundi. "Joto la injini linaingia, ndiyo maana hampati baridi. Na si joto tu." Alimulika ekzosi, bomba la kutolea moshi wa injini: ilikuwa na ufa uliozungukwa na masizi. "Moshi wa injini una gesi isiyo na rangi wala harufu. Inalaza watu, na wengine hawaamki. Harufu ya masizi nayo mmeifunika kwa marashi."

"Na kiwiko changu?" baba aliuliza kwa sauti ndogo.

"Kimewavusha mpaka leo. Kesho kisingekuwepo."

Gari liliachwa gereji. Wote walikwenda zahanati kwa teksi, vioo vyote chini.

"Kwa hiyo nabaki kwa jirani?" Redio aliuliza.

"Daktari ataamua," alisema mama, akamvuta karibu. "Lakini ile sheria yangu ilikuwa mbovu, ilikufundisha kuficha ugonjwa. Nimeifuta. Na wewe, mwanangu, mwili ukikuambia kuna jambo, sema, hata kama mbele yako kuna maua. Ukinyamaza, hudhuriki peke yako."

Daktari aliwaruhusu kusafiri. Kesho yake Mama Baridi alichomea ekzosi, akaweka raba mpya, akapitisha udi tena, na moshi ukapanda wima bila kutikisika. Waliondoka wamechelewa. Bonge aliimba wimbo mmoja njia nzima, vibaya sana, na hakuna aliyemnyamazisha.