Maji Ndani ya Tapentaini

Tomaso wa Chome ni fundi rangi, na ni msafi kupita kiasi. Ukikaa naye atakuambia kola yako ina jasho. Mkewe, Honorata, husema usafi wa mumewe unamchosha kuliko kulima.

Mwaka ule wa 1975 tulikuwa tumejenga zahanati ya kijiji kwa nguvu zetu. Mawe tulibeba, mbao tulipasua. Ilibaki kupaka rangi milango na madirisha, ndipo tuletewe nesi na dawa. Kazi akapewa Tomaso.

Akapaka mlango wa mbele. Kesho yake rangi ikawa na malengelenge. Akakwangua, akapaka tena, ikawa vilevile. Mara ya tatu ilibanduka kwa kucha. Wiki tatu zikapita hivyo, na wagonjwa tunaendelea kuwateremsha bondeni kwa machela. Ilikera.

Rangi ya mafuta ni nzito. Ili ipakike vizuri, fundi huichanganya na tapentaini kidogo. Tapentaini huyeyusha rangi, kisha hukauka yenyewe. Tomaso alipimiwa tapentaini katika duka la ujamaa la kijiji, na muuzaji wake alikuwa Hezroni. Basi akaona mkosaji amepatikana.

"Hezroni anatia maji," akatangaza.

Watu wakayadaka maneno hayo. Aliyewahi kuuziwa sukari yenye unyevu naye akakumbuka. Mkutano ukaitishwa Jumamosi, ili Hezroni anyang'anywe funguo za duka. Miaka minne alikuwa ametuuzia bila kasoro. Sasa akipita njiani, watu wananyamaza. Mimi pia nilinyamaza, na naona aibu kusema hivyo.

Alhamisi akaja Dorkas, mdogo wake Honorata. Ni karani wa stoo katika shamba la mkonge huko bondeni, na kupokea mafuta na tapentaini ndiyo kazi yake. Aliposimuliwa, aliuliza kama tumepima. Hakuna aliyepima.

"Wiki tatu mnapiga kelele," alisema, "na hakuna hata mmoja aliyeitazama hiyo tapentaini?"

Akachukua chupa mbili kavu za kioo, zinazoonyesha ndani. Moja akaijaza dukani kwa Hezroni. Nyingine akaijaza tapentaini iliyobaki katika chupa ya Tomaso. Akaziweka uani, mbali na jiko, kwa sababu tapentaini hushika moto upesi. Akatukataza kuzitikisa.

Baada ya nusu saa tulitazama. Ya dukani ilikuwa safi mpaka chini. Ya Tomaso ilikuwa na mstari. Juu tapentaini, chini maji, unene wa ukucha. Dorkas alieleza kwamba maji na tapentaini havichanganyiki. Maji ni mazito zaidi, kwa hiyo hukaa chini.

Kisha akadondosha tone la kila chupa kwenye karatasi nyeupe. Yote mawili yalikauka bila kuacha doa. Alisema kama ingetiwa dizeli, doa la mafuta lingebaki. Basi kosa ni maji tu, na yameingia baada ya kutoka dukani.

"Shemeji, kabla ya kwenda dukani chupa unaifanyaje?"

"Naiosha kwenye mfereji ule pale, naisuuza mara tatu," alijibu Tomaso kwa fahari. "Halafu naenda moja kwa moja."

"Unaikausha?"

Tomaso aliinama kuitazama chupa yenye mstari. Honorata alishika kichwa.

Dorkas akatuonyesha dawa yake. Tapentaini iache itulie. Imimine polepole katika chombo kikavu, na ya chini kabisa usiimimine. Ichuje kwa kitambaa kikavu, kisha uipime tena. Chupa ikioshwa, igeuzwe juani siku mbili, wala isikaushwe motoni. Masalia yasimwagwe mferejini, maana maji yale tunakunywa.

Jumamosi Tomaso alitaka kubaki nyumbani. Honorata alikuwa amechoka naye. "Uliyasema mbele ya watu," alimwambia. "Kayafute mbele ya watu."

Akaenda mkutanoni na chupa zote mbili, akaziweka mezani kwa mwenyekiti.

"Hii ni ya dukani. Hii ni yangu. Maji niliyatia mimi, bila kujua. Ndugu Hezroni, nisamehe."

Hezroni alisimama mbele ya ile meza. Kisha akasema, "Nimekusamehe. Lakini mke wangu siku hizi haendi mferejini kwa sababu ya maneno yenu. Nendeni mkawaambie na wasiokuja hapa."

Funguo zikabaki kwake. Jumatatu Tomaso alipaka milango na madirisha kwa rangi yenye tapentaini safi, nayo ikakauka ngumu, bila lengelenge. Mwezi haukuisha, nesi akafika na masanduku ya dawa.

Lakini jioni zote zile Tomaso alikuwa akipita nyumba kwa nyumba na chupa zake, akieleza. Alipofika kwangu nilimsikiliza mpaka mwisho. Kisha nikavaa viatu, nikaenda peke yangu kwa Hezroni, kuomba radhi kwa kunyamaza kwangu.