Eda ya Kuazima

"Toka nyumbani kwangu!"

"Kwako? Nimeilipia, bibi! Vitanda vyangu viko kwenye guta hapo nje!"

Inspekta Kijakazi aliingia kati yao kabla mkono haujainuka. Mlangoni, nusu ya Kariakoo ilikuwa imejazana kutazama.

"Mmoja mmoja. Wewe wa guta, nani alikuuzia?"

"Mjane, afande," alijibu Hyasinta, muuza vitenge aliyeishi nyumba za kupanga tangu aolewe. "Alikaa humu humu ukumbini, kajifunika gubigubi. Akasema yuko eda."

"Mjane gani? Mume wangu mzima, yuko Tanga!" Bi Mgeni, mwenye nyumba, alifoka. "Nami nilikuwa Mbagala kwa binti yangu, kajifungua."

Kijakazi alimgeukia Hyasinta. "Uliuliza jirani hata mmoja? Mjumbe? Ulikwenda ofisi ya ardhi kuangalia hati ina jina la nani?"

"Niliona haya. Mimi Mkristo, afande. Mtu yuko msibani, nimburute maofisini? Alisema mwenye eda hatoki nje."

"Kweli, hatoki. Wewe je, nani alikufungia ndani? Msiba haufichiki, dada. Ungepiga hodi nyumba ya pili tu, wangekucheka."

Hyasinta aliinama. "Nilitaka mlango wangu. Mlango ambao hakuna wa kunigongea."

"Sura yake?"

"Sikuiona. Niliona vidole tu. Vizuri, vina hina imekolea."

Kalamu ya Kijakazi ilisimama. Mama yake alipokaa eda, hata wanja aliuweka kando. Huyo hakufiwa na mtu.

"Bi Mgeni, funguo ulimwachia nani?"

"Shamsa, mpangaji wangu wa uani. Mtoto mtulivu yule, hana makuu."

Shamsa alikuwa akianua nguo. Hina ilikuwa bado nyekundu kwenye kucha. Hakukimbia.

"Shikamoo, afande."

"Marahaba. Hina ya harusi ya nani?"

"Ya shoga yangu."

"Ukatoka harusini ukawa mjane?"

Shamsa alificha vidole ndani ya shuka.

"Hela ziko wapi?"

"Chini ya godoro. Sijagusa hata noti."

"Kwa nini, Shamsa?"

"Nyumba hii aliijenga baba. Alipokufa, mama akakaa eda ya kweli, chumba kile pale. Ami zangu wakaleta mnunuzi ukumbini. Mama akawasikia wakipatana bei, hakutoka. Eda ilipoisha, nyumba imeshakwenda." Alijifuta uso kwa shuka aliyoianua. "Nimerudi kupanga kwenye nyumba niliyozaliwa. Bi Mgeni akaniambia, siku ukipata hela njoo nikuuzie. Ningepata wapi? Nikapita njia ile ile waliyotumia kumpora mama."

"Ukampora mama mwingine."

"Ndiyo. Nimemwibia."

Bi Mgeni, aliyewafuata hadi uani, alimpokea ile shuka.

Askari aliyekuja na Kijakazi alizitoa fedha mbele ya Hyasinta, zikafungwa kama kielelezo. Kijakazi akatoa pingu.

"Afande, nakuomba. Tusipite kigeti cha uchochoroni. Tutokee mbele. Sijatokea mlango ule tangu jeneza la baba lipite."

Kijakazi alimtazama Bi Mgeni. Nyumba ilikuwa yake, na neno lilikuwa lake.

Bi Mgeni alitangulia ukumbini, akawasukuma watu kando, akafungua mbao zote mbili za mlango mpaka zikagonga ukuta.

"Pita, mwanangu."

Shamsa akapita, polepole, mikono ndani ya pingu, vidole vikiupapasa ukuta mpaka ulipoishia.