Kadi ya Simu ya Guy

Godelive, rafiki yetu wa mtaa wa Nyalukemba, mpaka leo hajajua jinsi kamera iliyofungwa kwenye mti msituni ilivyoweza kupiga picha ya mlango wa nyumba mjini.

Kamera ilikuwa ya Polycarpe, aliyekuwa akiwinda mbawala pamoja na Guy, mume wa Godelive. Guy alipokufa, Polycarpe alisema ameteleza korongoni. Siku ya kugawa vitu vya marehemu aliificha kadi ya simu ya Guy, akaitia katika kifaa kinachoiwezesha kamera kutuma picha. Mnyama akipita, simu ya Polycarpe inalia.

Asubuhi moja alibisha kwa Godelive, simu ikitetemeka mkononi. Tangu alfajiri picha tatu zilikuwa zimemjia nyumbani kwake, kila moja kwa jina la Guy. Ya kwanza ilikuwa njia tupu yenye ukungu. Ya pili, soko la Nyawera, mjini. Ya tatu, mlango wa Polycarpe mwenyewe, na alipokuwa akiitazama alisikia kwato zikigonga saruji nje, polepole.

“Maman Godelive, ni mimi nilimupiga risasi. Nilizani ni mbawala.”

“Najua. Nilimuosha mimi mwenyewe, tundu nililiona. Nilikuwa nangoja useme.”

“Sasa tufanye nini?”

“Utaenda kufungua ile kamera kwenye mti, wewe peke yako. Simu uniachie.”

Polycarpe alienda. Saa nane mchana simu ililia mezani, mara moja. Guy. Pichani Polycarpe alikuwa amesimama chini ya mti, kamera tayari iko mikononi mwake, naye amepigwa picha kutoka nyuma.