Kilichokuwa Kikiinua Barakoa

Fyuuuu. Kimya. Kisha tena, fyuuuu, mluzi mwembamba kama wa mtu anayemwita mwenzake kwa siri, na nyumba nzima imelala.

"Nani anapiga mluzi usiku huu?" Sauti ya mama mkwe ilipenya ukutani. "Mnataka kuita nini humu ndani?"

Msusi alijikunyata kitandani. Angejibu nini? Kwamba ni uso wake ndio unaopiga mluzi? Barakoa ya mashine ya kupumulia, ile aliyopewa kliniki walipomwambia pumzi yake hukatika usingizini, ilikuwa imeachia tena pembeni mwa pua, na upepo ukawa unamtokea na kumpiga machoni. Akavuta mikanda. Akavuta tena. Mkono wa msusi huo, mkono unaojua kwamba kilicholegea kitafumuka.

Aibu ilikuwa imemjaa mpaka kooni. Kwanza aibu ya kukoroma, mwanamke kijana anakoroma kama trekta linapanda mlima, mpaka mumewe, dereva wa lori, kila akirudi safari anabeba mto wake kwenda sebuleni, polepole, bila kulaumu, na huko kutolaumiwa ndiko kulikouma. Kisha aibu ya mchana. Alisinzia saluni ameshika kichwa cha mteja, mteja akadhani anaombewa, akaitikia amina. Watu walicheka wiki nzima. Ila hakuna aliyecheka siku aliyosinzia akimlisha mwanawe uji. Binti yake mdogo, waliyemwita Kifaranga, alipaliwa, akageuka rangi, na mama yake amekaa palepale, kijiko mkononi, kidevu kifuani. Mama mkwe, aliyekuja kukaa nao kwa muda, ndiye aliyemnyakua mtoto na kumpiga mgongoni mpaka akalia.

"Nasema mbele ya mume wako," mama mkwe alisema jioni ile. "Mashine hiyo ikikushinda, narudi kwangu na Kifaranga. Siziki mjukuu kwa sababu ya usingizi."

Mume alitazama sakafu. Hakumtetea mkewe, na mkewe hakuona cha kutetewa.

Kwa hiyo barakoa haikutakiwa kuachia. Nayo kila usiku ikaachia. Na kadiri usiku ulivyofuatana, Msusi akaanza kuhisi jambo ambalo hakuthubutu kulitamka: barakoa haikuwa inateleza. Ilikuwa inainuliwa. Taratibu, kwa pembeni, kama mtu anavyofunua sufuria kidogo kuchungulia kama chakula kimeiva. Na kila ilipoinuliwa ilikuja harufu, harufu ya majivu yaliyomwagiwa maji.

Asubuhi mashavu yake yalikuwa na mistari myekundu.

"Wifi, kaka yangu yuko safarini," alisema wifi yake, akiegemea mlango wa jikoni kwa kicheko. "Sasa jana umepigana na nani?"

"Ni mikanda tu."

"Haya, mikanda. Majirani wakiuliza niwaambie mikanda?"

Mama mkwe hakucheka. Alikuwa anachambua mchele, na hakuinua macho. "Jinamizi hilo. Lilikuwa linaingia na kutoka linavyotaka, linakukaba, linashiba. Sasa umeliwekea mlango. Wewe ungekuwa ndilo lenyewe usingesukuma?"

Msusi alirudi kliniki ameinamisha uso. Mhudumu, dada mchangamfu, alimzungusha kichwa kama tikiti la sokoni.

"Dada, hapa umefunga mtu au umefunga mzigo? Ukikaza hivi mpira unakunjika, upepo unapata njia. Uso wenyewe umejaa mafuta. Na hizi rasta umezirundika juu, mkanda utakaa wapi? Zifunge chini, shingoni. Nawa uso kwa sabuni. Lala kwanza, washa mashine, ndipo urekebishe mikanda, vidole viwili vipite."

Nywele zake mwenyewe! Msusi mzima, ameshindwa na kichwa chake. Alitamani ardhi ipasuke.

Usiku ule alifanya yote. Akanawa, akafumua fundo la rasta, akalala, akawasha, akalegeza. Mashine ikapumua kama mtu mstaarabu. Hakuna mluzi, hakuna upepo machoni. Akalala usingizi ambao hakuwa ameulala tangu ujana wake, usingizi wa jiwe kisimani.

Fyuuuu.

Akafumbua macho. Akapitisha kidole kuzunguka ukingo wa barakoa, pua, mashavu, kidevu, kote kumekaa sawasawa, hakuna pumzi inayotoka, na mluzi ukaja tena, fyuuuu, na haukutoka usoni kwake bali ulitoka chini ya ukuta, kwenye kitanda kidogo cha Kifaranga, na baada ya mluzi kukaja mkoromo, mkoromo mzito wa mtu mzima unatoka kwenye kifua cha mtoto, mkoromo anaoujua maana mumewe aliwahi kuurekodi kwenye simu akamsikilizisha, ulikuwa wake, wake mwenyewe, na ulipofika juu kabisa ukakatika, na kile kifua kidogo kikazama katikati kana kwamba kuna kilichokikalia, na chumba kizima kikanuka majivu mabichi.

Akaing'oa barakoa. Mtoto akavuta pumzi, akalia. Na papo hapo uzito ukamshukia Msusi mwenyewe kifuani.

Mama mkwe alikuwa ameshafika mlangoni na tochi ya simu. "Kuna nini?"

"Mama, limehamia kwa mtoto." Msusi alinong'ona. "Nikivaa, linamwendea yeye."

"Vaa nione."

"Sivai, mama!"

"Vaa."

Akavaa. Kifua cha Kifaranga kikazama. Akavua, mtoto akapumua. Mama mkwe akashusha tochi, wakabaki gizani wote watatu.

"Kwa hiyo linatafuta mdomo tu," bibi alisema mwishowe. "Mdomo wowote."

Akatandika mkeka kati ya vitanda viwili. Akatoa meno yake ya bandia, akayatumbukiza kwenye bilauri, kisha akalala chali, na sauti yake ikawa ya ufizi, laini, kama ya mtu mwingine. "Wewe! Acha hicho kifua cha kiberiti, utakaa vipi hapo? Njoo huku kwenye uwanja." Akageuza kichwa. "Na wewe mkwe, vaa barakoa yako. Usikaze. Si umefundishwa?"

Msusi alipaswa kukataa. Alipaswa kusema, mama, amka. Alivaa.

Harufu ilimpita juu ya uso. Mkeka ukalia. Na kutoka pale chini, mkoromo ukaanza kupanda, ukapanda, ukakatika.

Tangu hapo Msusi alilala, na mchana akawa macho. Wateja walisifu mkono wake. Kifaranga alipumua kama unyoya. Mama mkwe ndiye aliyeanza kusinzia na kikombe cha chai mkononi, chai ikimmwagikia mapajani.

"Mama siku hizi anatetemesha bati!" wifi alicheka. "Wifi, umemwambukiza!"

Wote wakacheka. Msusi naye akacheka, akasikia kicheko chake kikitoka kizuri kabisa, cha mtu aliyelala vya kutosha.

Jioni ile alimfuata mama mkwe chumbani. Bibi alikuwa anapanga nguo zake kwenye begi, zake peke yake.

"Mama, twende kliniki. Nawe watakupa mashine."

"Nikiziba mimi, litarudi kwa nani?"

Msusi akachukua kanga, akaikunja, akamtilia begini.

"Naondoka alfajiri. Huko kwangu hakuna mtoto. Mume wako asijue, wala wifi yako. Wakijua watanionea huruma, na mwenye huruma ataniletea barakoa." Akafunga zipu ya begi. "Niahidi."

"Sitamwambia mtu mwingine yeyote, mama," Msusi alisema, na alisema upesi, kabla bibi hajabadili nia.